Miaka 39 Baadaye: WITCH na Albamu ya Zango

Zango ni albamu ya bendi ya WITCH ya Zambia, iliyotoka tarehe 2 Juni 2023. Albamu iliyoitangulia, Kuomboka, ilitoka mwaka 1984. Kati ya hizo mbili imepita miaka 39, muda unaotosha mtoto kuzaliwa, kusoma, kuoa na kupata watoto wake mwenyewe bila kusikia hata wimbo mmoja mpya wa bendi hiyo. Kati ya wanamuziki sita walioijenga sauti ya WITCH katika miaka ya 1970, aliyeingia studio safari hii ni mmoja tu: mwimbaji Emmanuel Chanda, anayejulikana zaidi kwa jina la Jagari, akiwa ameshapita umri wa miaka 70. Wengine watano walikuwa wameshafariki, baadhi yao kwa UKIMWI.

Hilo ni la kulijua kabla ya kuisikiliza. Asiyelijua ataiona Zango kuwa albamu ya kuchezeka tu, yenye besi nzito na magitaa yanayokwaruza, na huenda akashangaa kwa nini watu wazima wanaisikiliza wakiwa wametulia kama walioketi matangani.

WITCH ni kifupi cha maneno matano ya Kiingereza yenye maana ya kwamba wenyewe wamekusudia kuleta vurugu. Ni jina la kijana, na waliolichagua walikuwa vijana kweli, wa Kitwe, mji wa migodi kaskazini mwa Zambia. Chris Mbewe alipiga gitaa la solo, John Muma ridhimu, Gedeon Mulenga besi, Boidi Sinkala dramu na Paul Mumba kinanda. Jagari, aliyezaliwa mwaka 1951, alikuwa mbele na maikrofoni. Jina lake lenyewe ni la Mick Jagger wa Rolling Stones lililotiwa vokali za Kiafrika, kwa sababu mashabiki waliona anavyoruka jukwaani kama yule Mwingereza.

Msomaji wa Msimbu au Masaki, wilayani Kisarawe, anaifahamu Zambia kwa njia nyingine. Anaifahamu kwa malori ya shaba yanayoshuka barabara ya Morogoro kupitia Mlandizi na Kibaha kwenda bandarini, na kwa reli ya TAZARA inayokatiza wilaya yake kabla ya kuingia mbugani na kuelekea Mbeya na Kapiri Mposhi, safari ya kilomita 1,860. Shaba hiyo hiyo ndiyo iliyozaa roki ya Zambia. Migodi ya Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya ilileta wazungu wa kazi, na wazungu walikuja na santuri, magitaa ya umeme na amplifaya. Ilileta pia mishahara ya kila mwezi kwa maelfu ya wachimbaji Waafrika, na penye mshahara wa uhakika panapatikana ukumbi wa starehe, kiingilio na bendi ya kulipwa. Watoto wa mitaa ya wachimbaji walikua wakisikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple, Grand Funk Railroad na James Brown redioni, wakajifunza nyimbo zao kwa sikio, noti kwa noti.

Siasa nayo ilichangia. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na rais wake wa kwanza, Kenneth Kaunda, alikuwa mtu wa gitaa, tena mwimbaji. Serikali yake iliagiza redio ipige kwa wingi muziki wa Wazambia wenyewe. Kiwango kinachotajwa siku zote ni asilimia 95. Amri ya namna hiyo kwingineko ingewasukuma vijana kwenye ngoma za asili peke yake. Zambia mambo yalikwenda kivingine: vijana waliokuwa wakiiga nyimbo za wageni walilazimika kutunga za kwao, na wakatunga kwa vyombo walivyokuwa navyo mikononi. Roki ikawa muziki wa nyumbani. Baadaye ikapewa jina la Zamrock.

Albamu ya kwanza ya WITCH, Introduction, inahesabiwa miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za bendi ya Kizambia. Ikafuatwa na In the Past mwaka 1974, Lazy Bones!! mwaka 1975, Lukombo Vibes mwaka 1976 na Including Janet mwaka 1977. Pembeni yao walikuwapo Amanaz, Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family, Chrissy Zebby Tembo, Keith Mlevhu, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, bendi ambayo kwa muda ilihamia Nairobi na kufanya kazi huko.

Sauti yenyewe ni rahisi kuitambua. Gitaa la solo linapitishwa kwenye kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu kinachoipasua sauti, hata noti moja inayovutwa itoke na mkwaruzo wa msumeno unaoanza kukata bati. Chini yake besi haifuati gitaa, bali inazunguka na wimbo wake wenyewe, mfupi, unaojirudia hadi mchezaji aupate miguuni. Dramu zimerekodiwa zikiwa karibu mno na maikrofoni chache, na kila kitu kinasikika kama kimefungiwa ndani ya chumba kimoja. Katika Lazy Bones!! upungufu huo wa studio umegeuka kuwa uzuri. Hakuna nafasi ya kujificha. Mwimbaji akivuta pumzi, inasikika.

Tanzania ya wakati huo ilikuwa imeshika njia nyingine, na tofauti hiyo inaeleza kwa nini roki haikuota mizizi Dar es Salaam kama ilivyoota Kitwe. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao siku hizo ulijumuisha Dar es Salaam pamoja na Kisarawe, ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi, kwa hoja kwamba unaharibu maadili ya vijana na utamaduni wa taifa. Bendi kubwa ziliajiriwa na taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, baadaye Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na kwa sehemu kubwa kurekodi kulikuwa Radio Tanzania. Utaratibu huo ulizaa muziki mkubwa wa dansi, na haukuwa utaratibu wa kumruhusu kijana apasue amplifaya ya ofisi.

Hata hivyo Dar es Salaam ilikuwa na bendi moja iliyokwenda upande wa pili. Sunburst, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichanganya roki, soul na midundo ya asili, ikapendwa na wanafunzi na vijana wa mjini, kisha ikaelekea Zambia. Huko ndiko ilikotoa albamu yake, Ave Africa, mwaka 1976. Haikudumu sana baada ya hapo. Rekodi zake zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut ya Uingereza, na wengi waliozinunua hawakuwa wamewahi kusikia kwamba Tanzania iliwahi kuwa na bendi ya roki. Msikilizaji wa Kitanzania anayetaka mlango wa kuingilia Zamrock aanze na Ave Africa, maana Kiswahili kimo ndani.

Sherehe ya Kitwe haikuchukua muda. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwaka 1973, na bei ya shaba ikaporomoka muda mfupi baadaye, wakati shaba ilikuwa ikiiletea Zambia zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje. Zambia pia ilikuwa imezungukwa na vita: Rhodesia kusini, Angola magharibi, Msumbiji mashariki. Ilipokea wapigania uhuru na ikalipa gharama yake kwa mipaka kufungwa na mabomu kuangushwa. Watu wakaogopa kutembea usiku, na bendi inayoishi kwa viingilio vya usiku haiwezi kustahimili hali hiyo. Mwaka 1977 Jagari aliacha bendi akaenda kusomea ualimu wa muziki. Waliobaki walimwingiza kijana wa kinanda, Patrick Mwondela, wakageukia disko, wakatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Kisha kimya.

Mwaka 1984 ndio pia mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI aliporipotiwa Zambia, mwaka mmoja baada ya wagonjwa wa kwanza wa Tanzania kuripotiwa Kagera. Ugonjwa huo uliwapata wanamuziki mapema na kwa ukali. Walikuwa watu wa safari, wenye umaarufu na pesa za mkononi, katika miji ya migodi ambako wanaume wengi waliishi mbali na familia. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana kwa watu wa kawaida, miaka ya 2000 ilikuwa imeshaingia, na kizazi kizima cha Zamrock kilikuwa kimeshazikwa. Wasomaji wa Pwani waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanayakumbuka mazishi ya kufuatana, na jinsi watu walivyosema marehemu aliugua "kwa muda mrefu" wakaishia hapo.

Jagari alifundisha, kisha akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Kwa miaka mingi aliishi kwa sululu na koleo, akitafuta mawe ya thamani, huku santuri zake za zamani zikiuzwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani ambao hawakujua kama yu hai. Mnamo mwaka 2010 na miaka iliyofuata kampuni za nje zilianza kuzitoa upya albamu za WITCH, na mkusanyo mkubwa zaidi ukatolewa na Now-Again ya Los Angeles. Mtengenezaji filamu Mwitaliano, Gio Arlotta, alisafiri hadi Zambia kumtafuta Jagari, akiongozana na mwanamuziki Mholanzi Jacco Gardner. Safari ile ikawa filamu iliyoonyeshwa mwaka 2019, na ikawa pia mwanzo wa bendi mpya: Gardner akashika besi, Mholanzi mwenzake Nico Mauskoviç akakaa kwenye dramu, na mwaka 2017 Jagari akapanda majukwaa ya Ulaya. Mwondela, yule kijana wa kinanda wa enzi ya disko, alirudi pia. Magitaa yakashikwa na JJ Whitefield wa Ujerumani na Stefan Lilov wa Uswisi.

Kwa miaka kadhaa bendi hiyo ilipiga nyimbo za zamani. Wangeweza kuendelea hivyo hivyo. Watazamaji walikuwa wanakuja kwa ajili ya Lazy Bones!!, si kwa ajili ya kitu kipya. Kuamua kutunga upya ndiko kulikokuwa na hatari. Albamu mpya ya bendi kongwe inapimwa kwa mizani isiyo ya haki: ikifanana na za zamani, inaambiwa inajirudia, ikiwa tofauti, inaambiwa imeacha asili. Na kwa WITCH kulikuwa na swali lingine lililo zito kuliko hilo. Ikiwa wapigaji wote ni wapya isipokuwa wawili, na kati ya hao wawili mmoja hakuwamo katika kikosi cha kwanza, ni kitu gani kinachoifanya iwe WITCH?

Jibu walilolitoa lilianza na mahali. Badala ya kurekodi Amsterdam au Berlin, ambako ingekuwa rahisi kwa wengi wao, walikwenda Lusaka, kwenye studio ya DB ambamo bendi ilikuwa imerekodi miaka ya nyuma. Wazungu wanne waliojifunza muziki huu kutoka kwenye santuri wakaletwa katika nchi zilikotoka santuri hizo, na wakazungukwa na watu wanaoongea lugha za nyimbo hizo. Zango kwa Kikaonde ni mahali pa kukutana.

Lugha za albamu ni Kiingereza pamoja na lugha za Kizambia kama Kibemba na Kinyanja, na mchanganyiko huo haujapangwa kwa ajili ya wageni. Nyimbo za maonyo na za mambo ya nchi zinaelekea kwenye Kiingereza, kama Stop the Rot, unaokemea uozo bila kuzunguka. Nyimbo nyingine zina Kinyanja cha mitaani cha Lusaka, chenye utani ambao mgeni hawezi kuupata. Streets of Lusaka unautembeza mji wenyewe. These Eyes of Mine, kama jina linavyodokeza, ni wa mtu aliyeishi kuyaona mambo, na kwa mwimbaji wa umri ule, mwenye historia ile, jina peke yake lina uzito ambao kijana wa miaka 25 hawezi kuununua.

Sauti ya Jagari imebadilika. Zamani alipenda kupandisha, kupiga ukelele na kumalizia mstari juu. Sasa anakaa chini, mara nyingine anaongea zaidi ya kuimba, na anaacha nafasi kati ya maneno. Magitaa ya Whitefield na Lilov hujaza nafasi hizo kwa mkwaruzo uleule wa Chris Mbewe, na hapo ndipo msikilizaji anayeifahamu bendi ya zamani huguswa: anasikia mkono wa marehemu ukipigwa na mtu mwingine. Whitefield hamwigi Mbewe kwa dhihaka wala kwa uvivu. Anapiga kama mwanafunzi anayejua mwalimu wake hatakuja kumsahihisha.

Wanawake ndio waliofungua mlango mwingine. Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo wanaimba katika albamu hii, na sauti zao zinaipa Zango kitu ambacho WITCH ya miaka ya 1970, bendi ya wanaume watupu, haikuwa nacho. Mgeni anayefahamika zaidi ni Sampa the Great, rapa aliyezaliwa Zambia, akakulia Botswana na kujijengea jina Australia, anayeshiriki katika wimbo wa Avalanche of Love. Sampa hakualikwa kwa sababu ya umaarufu pekee. Mjomba wake, George Kunda, ingawa hamo katika wale sita, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa WITCH, jambo ambalo mwenyewe alikuja kulijua akiwa mtu mzima. Kwa hiyo katika wimbo huo mmoja mzee anaimba na mtoto wa ndugu wa mwenzake. Kwa watu wa pwani hilo halihitaji maelezo marefu. Mtu akifa, wapo wanaobaki na wana haki ya kuitwa.

Albamu za namna hii zimekuwa nyingi duniani katika miongo ya karibuni, kwa sababu waanzilishi wa roki wamezeeka, na kila bendi imelishughulikia pengo la marehemu kwa njia yake. Alice in Chains ya Seattle ilimpoteza mwimbaji Layne Staley mwaka 2002, ikakaa, ikampata mwimbaji mwingine, William DuVall, na mwaka 2009 ikatoa Black Gives Way to Blue, albamu yake ya kwanza baada ya miaka 14, ambayo wimbo wake wa mwisho ni wa kumuaga Staley, na Elton John anapiga piano ndani yake. Queen ilikuwa na njia tofauti. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alirekodi sauti nyingi kadiri alivyoweza katika miezi yake ya mwisho. Alifariki Novemba 1991, na wenzake wakazijengea sauti hizo muziki hadi ikatoka Made in Heaven mwaka 1995. The Cure ya Uingereza ilitoa Songs of a Lost World mwaka 2024 baada ya miaka 16, wakati kiongozi wake Robert Smith alikuwa amewazika mama, baba na kaka yake.

Ukiziweka pamoja, tofauti ya WITCH inaonekana. Waliobaki wa Alice in Chains walikuwa watatu wakimlilia mmoja. Queen walikuwa na sauti ya marehemu kwenye kanda. Robert Smith aliomboleza jamaa zake, bendi yake ikiwa hai. Jagari ameachwa na wenzake wote, bila kanda mpya ya hata mmoja wao, na ameizunguka nafasi hiyo kwa wageni. Uzito wa Zango unatoka hapo zaidi kuliko kwenye maneno ya nyimbo.

Bendi za dansi za Tanzania zina njia yao ambayo haifanani na yoyote kati ya hizi. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, na katika safari hiyo imewazika wengi, wakiwamo TX Moshi William aliyefariki mwaka 2006 na Muhidin Maalim Gurumo aliyefariki mwaka 2014. Msondo haijawahi kutoa albamu ya kurudi kwa sababu haikuondoka. Akifa mwimbaji, mwingine anashika maikrofoni wiki ileile, na mashabiki wanahuzunika huku wakicheza. Ni desturi inayoihifadhi bendi kama klabu ya mpira: jezi inabaki, wachezaji wanapita. Ubaya wake ni kwamba inampunguzia mwanamuziki mmoja mmoja nafasi ya kuombolezwa kwa kazi kamili, kwa albamu inayomhusu yeye na kizazi chake.

Upande mmoja, lakini, msikilizaji wa dansi ana faida juu ya msikilizaji wa London anapoisikiliza Zango. Hashangai kusikia msiba ukichezwa. Remmy Ongala alitunga Kifo, wimbo wa kulia unaopigwa kwa mdundo wa kunyanyua watu vitini, na watu waliucheza. Marijani Rajab alijaza masikitiko katika nyimbo zilizopigwa kwenye harusi. Wahakiki kadhaa wa Ulaya waliipokea Zango kama albamu ya furaha, ya mzee aliyefufuka kimuziki. Furaha ipo kweli, lakini katika muziki wa upande huu wa Afrika mdundo wa kuchezeka haujawahi kuwa ushahidi kwamba hakuna aliyekufa.

Zango ina upungufu wake pia. Nyimbo mbili tatu zimesafishwa kupita kiasi, kila chombo kikikaa mahali pake kwa adabu, wakati utamu wa Lazy Bones!! ulitokana na vyombo kukanyagana. Mahali pengine wapigaji wa Ulaya wanaonekana kuiheshimu santuri ya zamani kiasi cha kuogopa kuikosea, na muziki wa vurugu ukipigwa kwa woga unapoteza kidogo jina lake. Kuna pia suala la kiuchumi lisilokwisha kwa albamu moja: kwa miaka mingi fedha za santuri za Zamrock zilizunguka kati ya wakusanyaji na maduka ya ng'ambo, na familia za marehemu waliozipiga hazikuwamo katika mzunguko huo kwa kiwango kinachowastahili. Kwamba Jagari anaishi, anasafiri na analipwa ni haki iliyochelewa, na imempata yeye kwa sababu tu amebaki.

Baada ya Zango, Zamrock imezidi kusikika mahali ambapo haikutegemewa. Mwaka 2024 rapa wa Marekani Tyler, the Creator alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family katika wimbo wake Noid, na vijana wengi wakaanza kumtafuta Paul Ngozi, mtu aliyefariki kabla wao hawajazaliwa. Mwaka 2025 WITCH ikatoa albamu nyingine, Sogolo. Kati ya Kuomboka na Zango ilipita miaka 39; kati ya Zango na Sogolo imepita miwili. Mwondela bado yuko kwenye kinanda, na Jagari, mwalimu na mchimba vito wa zamani, bado anazunguka kumbi za Ulaya na Marekani na nyimbo ambazo nyingi zake zilitungwa Kitwe na vijana sita.